Mashine Mia Tatu na Kumi na Mbili

Mafundi tuko watatu. Mashine, mia tatu na kumi na mbili,
na hakuna hata moja iliyo yetu:
za daktari wa meno, za kiwanda cha mbao,
za parokia, na ya Aune Leskelä auzaye nyuzi za sufu
kando ya daraja, inayokohoa tangu majani yapukutike.

Kajaani, Februari. Nje baridi imeshuka
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na jana nimeendesha gari kilomita tisini
kwenda kubonyeza kitufe kimoja,
kisha tisini nyingine kurudi,
nikijiona mjinga kila kilomita.

Hilkka akaweka kikombe chini. "Basi," akasema.
"Tununue programu ya kutazama kwa mbali."

Wakaja wauzaji, kwenye skrini, mmoja mmoja.
Wa kwanza alitoza kwa kila mashine;
tukapiga hesabu: mteja akinenepa, sisi tunakonda.
Wa pili alitoza kwa kila fundi, bei ya kupendeza,
hadi ukurasa wa kumi na nne, herufi kama sisimizi:
viraka vya usalama, kando; nakala za akiba, kando;
ukitaka kumpigia mtu simu usiku, kando.
"Huyu anauza koti," Jouni akanong'ona,
"mikono tutanunua baadaye."
Wa tatu alikuwa na mafua. Akapenga kamasi,
akasema, "Jaribuni wenyewe wiki mbili," akazima.

Tukajaribu zote.
Ya kwanza ilipiga yowe mara mia nne kwa usiku mmoja:
printa haina karatasi, printa imepata karatasi,
mtu kasahau nywila, mtu kaikumbuka.
Asubuhi tulikuwa viziwi.
Ya pili ilikaa kimya, kila kitu kijani,
kijani hata pale diski ya parokia ilipokuwa ikikata roho
na majina ya waliobatizwa tangu sitini na tatu ndani yake.
Ya tatu iliniamsha mara moja tu,
saa tisa na dakika arobaini usiku:
seva ya kiwanda inachemka, feni imesimama.
Nikaizima kwa upole, jikoni kwangu, soksi za sufu miguuni,
kabla misumeno haijaamka.

Nilidhani tumemaliza kuchagua.

Lakini siku ile ile, nikitafuta mashine nyingine,
nilibofya mstari wa chini yake
nikajikuta ndani ya skrini ya Aune.
Alikuwa akiandikia benki barua.
"Naomba miezi mitatu." Akafuta. "Naomba miwili."
Akafuta. Kishale kikabaki kinapepesa
pale ombi lilipokuwa.
Nikatoka mbio, kama aliyefungua mlango wa bafu
na kumkuta mwenyewe ndani,
uso ukiniwaka, chumbani niko peke yangu.

Hilkka aliwaandikia wote watatu swali moja:
programu yenu hupiga hodi?
Wa kwanza alituma kijitabu cha kurasa arobaini.
Wa pili: ipo, kando.
Wa tatu, bado anapenga: "Ipo. Huja imezimwa.
Ninyi ndio wa kwanza kuuliza."

Tukamchukua huyo, tukaiwasha kwa mashine zote.
Jouni alinung'unika kwamba tutapoteza dakika,
na kweli tunazipoteza.

Jumatatu Aune alipiga simu: kompyuta inasuasua.
Nikaomba kuingia. Kwake kikafunguka kidirisha:
Fundi anaomba ruhusa. Ndiyo. Hapana.

Akabofya Hapana.

Nikachemsha kahawa. Nikatazama mtu wa manispaa
akisukuma theluji kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine.
Baada ya dakika kumi na moja simu ikalia tena.
"Nilikuwa na kitu mezani," akasema. "Nimekiondoa.
Ingia sasa."